Bluu Iliyopotea Njiani: Kupata Rangi Sahihi Kabla Hujaprinti

"Madam, hii rangi haipo kwenye chati."

Aliyesema hivyo ni binti wa kidato cha tatu, amekaa benchi la mbele, mkononi ana kipande cha karatasi ya kiashiria, zile zinazobadilika rangi kuonyesha asidi na besi. Alikuwa ametoka kukichovya kwenye maji ya sabuni ya mche. Ilikuwa wiki ya nne ya TP yangu, mwezi wa nane, katika shule moja ya kata juu kabisa kwenye milima ya Upare Kusini, wilaya ya Same. Ukungu ulikuwa umefika mpaka dirishani na darasa zima limevaa masweta. Mimi nilikuwa na haraka, maana supavaiza alikuwa anatarajiwa siku yoyote, nikamjibu vile walimu wenye haraka tunavyojibu: "Angalia vizuri, ipo." Akaangalia chati ukutani, akaangalia kikaratasi chake, akarudia tena. Mwisho akaandika kwenye daftari: zambarau, besi kali.

Jioni nikakaa kusahihisha. Maji ya sabuni ya mche ni besi dhaifu, pH yake inacheza kwenye 9 au 10 hivi, na jibu nililolitaka lilikuwa bluu. Nikampiga kosa. Nikawapiga kosa na wenzake kumi na saba walioandika vilevile, na moyoni nikalalamika kwamba watoto hawa hawaangalii.

Asubuhi yake niliingia darasani mapema, nikasimama nyuma karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza nikaitazama chati yangu kama mwanafunzi anavyoitazama. Nyekundu ipo. Chungwa ipo, njano ipo. Kijani kwenye namba 7 ipo, ingawa imefifia. Baada ya hapo ni zambarau, zambarau, zambarau. Bluu haikuwepo. Yule binti alikuwa ameona sawasawa na kusema sawasawa, nami nikamlazimisha achague uongo ulioandikwa ukutani, kisha nikamwadhibu kwa kuuchagua.

Sasa swali: bluu ilikwenda wapi? Niliichora mimi mwenyewe. Niliiona kwa macho yangu kwenye laptop, imekolea. Ilipotea mahali fulani kati ya chumba changu kule juu na mashine ya kuchapa Same mjini. Naandika makala hii kwa ajili ya wenzangu wa Elimu wanaojiandaa kwenda TP, lakini hata wewe unayetengeneza bango la uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kadi ya mahafali au jalada la gazeti hili, ugonjwa ni huohuo.

Nianze na makosa yangu, maana yalikuwa matatu na yote niliyafanya kati ya usiku mmoja na asubuhi yake. Shule ilikuwa na kijitabu kimoja tu cha karatasi za kiashiria, kile chenye mistari ya rangi kwenye jalada, na darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini. Nikaona nitengeneze chati kubwa. Nikafungua laptop saa tatu usiku. Kosa la kwanza: laptop yangu nimeiwekea ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe na unjano ili macho yasichoke. Inajiwasha yenyewe jua likizama, na mimi nimeshaizoea hata siioni. Kwenye skrini yenye unjano, bluu inaonekana imechuja. Nikaikoleza. Ikaonekana bado. Nikaipeleka mpaka mwisho: nyekundu 0, kijani 0, bluu 255. Kosa la pili: chumba giza, mwanga wa skrini nimeupandisha juu, hivyo kila rangi ilikuwa inang'aa kama taa ya basi la usiku. Kosa la tatu nililifanya asubuhi: niliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, badala ya kuituma kama faili, ikabanwa na kupungua ubora. Hilo la tatu ndilo dogo kuliko yote. Kondakta akaniletea chati jioni, imeviringishwa ndani ya gazeti, nikaibandika bila hata kuikagua. Nilifurahi tu kwamba imefika haijalowa.

Hapa inabidi tufanye fizikia kidogo, ya sekondari tu.

Skrini inatoa mwanga. Karatasi haitoi, inaakisi ule unaoiangukia. Skrini ina vitaa vidogo sana vya aina tatu, nyekundu, kijani na bluu, na ukiviwasha vyote pamoja unapata nyeupe. Ukivizima unapata nyeusi. Mashine ya kuchapa inaanza na nyeupe ya karatasi, kisha inapunguza. Wino wake ni wa sayani, yaani bluu ya maji inayoelekea kijani, na majenta, yaani waridi iliyokolea, na njano, na nyeusi. Kila wino unameza sehemu ya mwanga na kuachia iliyobaki ikufikie. Sayani kazi yake ni kumeza nyekundu. Majenta inameza kijani. Njano inameza bluu. Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna wino wa bluu hata kidogo! Bluu inapatikana kwa kulaza sayani na majenta mahali pamoja: moja imeze nyekundu, nyingine imeze kijani, ibaki bluu.

Vitabuni hiyo hesabu ni safi. Kwenye wino halisi siyo safi. Hakuna wino unaomeza kile tu ulichotumwa. Majenta inakula na sehemu ya bluu yenyewe, sayani nayo haimalizi nyekundu yote. Ukizilaza kwa wingi unaokaribiana, kinachobaki kina wekundu ndani yake, na bluu yenye wekundu tunaiita zambarau. Ile bluu yangu ya 255 ukiigeuza kwa mpangilio wa kawaida wa Photoshop inakuwa sayani kama asilimia 88 na majenta kama 77. Ndiyo maana wachapaji wazoefu wana kanuni yao: ukitaka bluu ibaki bluu, majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Sayani 100 na majenta 60 ni bluu. Sayani 100 na majenta 90 ni vazi la askofu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza zaidi. Watu husema skrini ina rangi nyingi kuliko karatasi, wakaishia hapo. Siyo kweli moja kwa moja. Bluu kali, kijani kinachong'aa na chungwa la kuwaka, skrini inaonyesha na wino hauwezi. Lakini sayani safi ya wino haimo ndani ya sRGB, ule mpango wa rangi ambao HP na Microsoft waliutoa mwaka 1996 na ambao vifaa vyetu vingi vinaufuata. Yaani kuna rangi zinazotoka vizuri kwenye karatasi lakini kioo chako hakiwezi kukuonyesha. Na laptop zetu hizi za bei ya boom ni nusu ya habari: nyingi kwenye maelezo yake zimeandikwa 45% NTSC, maana yake hata hiyo sRGB yenyewe hazifikii. Kwa hiyo skrini na karatasi ni kama majirani wawili wenye mashamba yanayoingiliana. Kuna sehemu ya wote wawili, na kila mmoja ana kona yake ambayo mwenzake hana. Kazi ya prufu ya skrini ni kukuonyesha mapema wapi umetoka nje ya sehemu ya wote.

Jumamosi nikashuka Same. Gari linaondoka kule juu bado giza, na kadiri unavyoteremka baridi inakuacha, ukungu unakatika, mpaka unafika tambarare kwenye vumbi na jua ambalo halina mchezo. Same mjini na milimani ni kama nchi mbili. Duka lenyewe la steshenari liko kwenye mtaa wa nyuma: printa mbili za matangi ya wino, mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja yenye Publisher na Photoshop ya zamani. Fundi ni mzee wa makamo, mtulivu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshuka na gari la asubuhi?"

"Ndiyo baba. Nimekuja na ile chati, imeharibika rangi."

Akaikunjua kwenye kaunta. "Haijaharibika. Imetoka kadiri wino unavyoweza."

"Mbona sasa hukuniambia?"

"Ungeniambia ni ya kufundishia ningekuuliza. Mimi nilidhani ni mapambo ya ukutani."

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Nilimtumia picha na neno moja tu, "A3", sikumwambia ni kazi gani.

Akachukua chati akatoka nayo nje, mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Nikamfuata. "Humo ndani," akasema, "hata mimi siyaamini macho yangu." Nikageuka kuangalia. Duka lake, kama maduka mengi ya mjini, lilipakwa rangi ya kampuni ya simu, nyekundu kuanzia chini mpaka darini, na taa ni ile ya kuokoa umeme. Karatasi nyeupe ukiiweka mle inavaa uwekundu wa ukuta. Akanitazama mimi na sweta langu jekundu la shule akacheka. "Na wewe simama kule, unaniharibia."

Hilo la sweta nilidhani ni utani. Baadaye nikasoma kwamba kwenye vyumba vya kukagulia rangi katika viwanda vya uchapaji, kuta na meza hupakwa kijivu kisichoegemea rangi yoyote, na taa zake zina kiwango maalumu kiitwacho D50, kilichomo kwenye kanuni ya kimataifa ISO 3664. Sababu ni kwamba rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja, ukizipeleka chini ya taa nyingine zikaachana. Sisi hatuna taa za D50. Tuna kivuli cha nje mchana, ambacho kwa kazi zetu kinatosha, mradi usisimame juu ya udongo mwekundu wa Upare ukainamia karatasi. Udongo nao unaakisi.

Kisha fundi akafungua mlango wa stoo. Nyuma yake, mahali ambapo jua halifiki, kuna karatasi amebandika. Ni A4 mbili zenye vipande vya rangi, kila kipande kama kiberiti, na chini ya kila kimoja namba tatu. "Hii ndiyo inayojua mashine yangu," akasema. "Mteja akija anataka bluu ya sare ya shule yao, simwonyeshi kompyuta. Namleta hapa, anagusa anayoitaka, mimi naandika namba."

Nilitoa kijitabu cha kiashiria mfukoni (nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mkuu wa idara nishuke nacho), tukakiweka kando ya vipande, kimoja baada ya kingine. Kipande kilichofanana na bluu ya pH 9 kilikuwa na namba 0, 110, 200. Turudi sasa kwenye kompyuta: namba hizo kwenye skrini yangu zinatoa bluu ambayo nisingeichagua hata siku moja. Inaonekana imepauka, inaelekea anga. Kwenye karatasi ndiyo bluu yenyewe.

Kwa hiyo ukishakuwa na vipande vilivyochapwa na mashine ileile, kwenye karatasi ileile, unafuata namba hata kama jicho lako mbele ya kioo linabisha.

Lakini si kila mara utakuwa na fundi mwenye karatasi nyuma ya mlango, na huwezi kuprinti kila jaribio. Ndiyo maana skrini nayo lazima iwekwe sawa. Nieleze jinsi ninavyofanya mimi sasa.

Kwanza nazima kila kinachobadilisha rangi bila kuniuliza. Hali ya usiku, mwanga unaojipandisha na kujishusha wenyewe, na kwenye simu ile hali ya rangi kali ambayo watengenezaji huiweka ili simu ivutie dukani. Naiacha laptop iwake kama nusu saa ipate joto. Nakaa mbele yake sawasawa, maana skrini za bei nafuu ukizitazama kwa pembeni au kwa juu rangi inageuka. Kisha nafungua ukurasa mweupe mtupu, nashika karatasi nyeupe kando ya skrini katika chumba chenye mwanga wa kawaida, na nashusha mwanga wa skrini taratibu mpaka weupe wa kioo ukaribiane na weupe wa karatasi. Utashangaa unavyoshuka! Wenye vipimo hulenga kandela 80 hadi 120 kwa mita moja ya mraba, wakati laptop iliyopandishwa mpaka mwisho inaweza kuvuka 250. Hatua hii moja, isiyo na gharama, inaondoa lile lalamiko la kila siku kwamba "imetoka giza". Haikutoka giza, wewe ulikuwa unaitazama kwenye taa.

Windows ina kifaa chake cha ndani cha kurekebisha skrini kwa macho. Kinasaidia kiasi. Wenye uwezo hununua kipimo kinachobandikwa kwenye kioo, cha Datacolor au Calibrite, kinasoma rangi halisi na kutengeneza profaili, yaani faili inayoieleza kompyuta tabia za skrini ile. Profaili hizi zinafuata mpango wa ICC, umoja ulioanzishwa mwaka 1993 na kampuni za kompyuta na picha ili vifaa vya watu tofauti vielewane. Kuna programu ya bure, DisplayCAL, inayofanya kazi na vipimo hivyo. Kipimo kimoja kinaweza kuhudumia laptop za kitivo kizima, na hili nalisema kwa makusudi ili waheshimiwa wa serikali yetu ya wanafunzi walisome.

Baada ya skrini inafuata prufu yenyewe. Kwenye Photoshop iko kwenye menyu ya View, Proof Setup, unachagua profaili ya mashine na karatasi unayolenga, unaweka alama kwenye kuiga rangi ya karatasi, halafu kila ukibonyeza Ctrl na Y unaona kabla na baada. GIMP, ambayo ni ya bure, ina kitu hichohicho chini ya Color Management. Scribus pia. Ukiiwasha mara ya kwanza utaumia roho: picha nzima inapauka, nyeusi inakuwa kijivu, bluu inahama. Watu wengi wanaizima haraka na kusema imeharibika. Usizime. Hiyo ndiyo karatasi inakuambia ukweli mapema. Mimi huangalia pembeni wakati wa kuiwasha, nahesabu mpaka kumi, kisha ndiyo natazama, ili jicho lisilinganishe na ule mng'ao wa mwanzo. Photoshop ina pia onyo linalopaka kijivu kila sehemu ambayo wino hautaifikia. Laiti ningeliwasha usiku ule, nusu ya chati yangu ingekuwa kijivu.

Canva, ambayo najua ndiyo wengi wetu tunaitumia, haikuonyeshi prufu ya aina hii. Kupakua kwa rangi za CMYK nako ni kwa wanaolipia. Ipakue kazi yako kwa ubora wa juu, kisha ifungue kwenye GIMP ukaikague huko.

Sasa kuna mtego ambao umewanasa hata wale wanaojiona wameshajua. Mtu akisikia kwamba printa inatumia sayani, majenta, njano na nyeusi, anakimbilia kugeuza faili lake kuwa CMYK ndipo alipeleke steshenari. Printa ndogo za matangi na nyingi za ofisini zimetengenezwa kupokea RGB, na programu yake ndiyo inageuza. Ukiigeuza wewe kwanza, inageuzwa mara mbili, na umeshatupa baadhi ya rangi njiani. Kwa printa hizo peleka sRGB. CMYK ni kwa mitambo mikubwa ya ofseti, ile inayochapa vitabu na majarida kwa maelfu, na huko usikisie: waulize wanataka profaili gani. Wakikuambia FOGRA39, hiyo ni ya ofseti kwenye karatasi laini zenye mng'ao. Karatasi isiyo na mng'ao inanyonya wino na rangi zinazama, kwa hiyo ina profaili yake.

Ukitaka kupima macho yako bila gharama, tembea hapa chuoni uangalie bendera ya Taifa ilivyochapwa kwenye mabango na vyeti mbalimbali. Bendera yetu ya tangu 1964 ina bluu ya maji, karibu kabisa na sayani, yaani kati ya rangi ambazo wino unaziweza vizuri mno. Bado utaiona imechapwa ikielekea zambarau, kwa sababu aliyeichora alichagua tu "bluu" ya kwanza kwenye kompyuta, ileile yangu ya 255.

Na nyuso. Mabango ya wagombea yanaharibika kwa namna yake: ngozi nyeusi inatoka kama kivuli kimoja, pua na shavu havitofautiani. Hapo tatizo kubwa siyo rangi, ni giza. Wino unatawanyika kidogo ukigusa karatasi, kila nukta inanenepa, na sehemu zenye giza zinazibana. Mpiga picha aliyekagua kwenye skrini kali hakuliona hilo. Ung'arishe uso kidogo kabla ya kuchapa, hasa zile sehemu za kati, na ujaribu kwa picha ya mtu mwenye ngozi kama ya mgombea wako. Usiseme hilo ni dogo. Kwa miaka mingi Kodak iligawa kwa maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, wakaziita kadi za Shirley, na mashine zikawekwa sawa kwa ngozi yake. Watu weusi walitoka walivyotoka.

Nirudi kwenye chati. Siku ileile ya Jumamosi tulichapa kwanza kipande cha A4 chenye mistari kumi na minne tu, shilingi elfu moja, tukatoka nacho kivulini. Namba 11 na 12 bado zilikuwa zinafanana. Tukarudi ndani, tukaongeza wekundu kwenye 12, tukachapa tena. Safari ya tatu nje ndiyo fundi akasema, "Sasa." Nyumbani niliongeza kwa kalamu kitu ambacho ningepaswa kukiweka tangu mwanzo: chini ya kila mstari namba ya pH na jina la rangi kwa maneno. Kuna watoto wenye macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani, na hao hata chati bora kuliko zote haiwasaidii bila neno.

Jumatatu niliomba madaftari yote. Nikakata kwa mstari kosa nililowapiga wale kumi na wanane, nikaandika pembeni: chati ilikosea. Hilo la kuandika lilinichukua muda kuliko safari ya Same. Supavaiza alikuwa amefika asubuhi hiyohiyo na aliona kila kitu, nikamweleza, akaandika kitu kwenye fomu yake ambacho sijawahi kukiona.

Yule binti alipopokea daftari alilisoma, akaniangalia.

"Kwa hiyo madam, niliona sawa?"

"Uliona sawa."

Akarudi kukaa. Akachovya kikaratasi kingine kwenye maji ya sabuni, akaenda nacho mpaka ukutani, akakishikilia juu ya namba 9 kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipoondoka mwezi wa tisa chati sikuiacha ukutani. Wino wa printa hizi nyingi ni wa rangi inayoyeyuka, jua la dirishani linaula taratibu, na baada ya miezi kadhaa bluu ingepotea tena, safari hii bila kosa la mtu. Niliiviringisha nikaiweka kwenye kabati la maabara. Nyuma yake niliandika namba za kila mstari, aina ya printa, aina ya karatasi na tarehe, ili mwalimu atakayetaka kuchapa nyingine aanze na namba hizo, asianze na kioo cha laptop yake. Nakala ya vipande vya rangi nilivyochapa hapa chuoni, kwa mashine tatu za steshenari za getini, nimeiacha ofisi ya gazeti hili, nyuma ya mlango. Njooni mchana, na mtoke nayo nje.